Moto Uliofungwa kwa Wavu: Historia ya Taa ya Wachimbaji wa Makaa ya Mawe

Nuru ni rafiki wa kila mtu afanyaye kazi gizani. Lakini zamani, katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, nuru ndiyo iliyokuwa ikiua. Mchimbaji alishuka chini ya ardhi mamia ya futi, mahali ambapo jua halijapata kufika, wala hakuweza kuuona mwamba aliokuwa akiuchimba pasipo mshumaa. Na mshumaa huo huo, siku moja asiyoijua, uliweza kuiwasha hewa iliyomzunguka ukamwua yeye na wenzake wote kwa mara moja. Kushuka bila taa, kazi haifanyiki. Kushuka na taa, huenda ndiyo safari ya mwisho.

Habari zifuatazo ni za namna fumbo hilo lilivyofumbuliwa katika miaka ya 1812 hadi 1816, na za watu waliolifumbua. Tena ni habari za jambo la pili, ambalo si watu wengi walijualo: baada ya taa ya salama kupatikana, vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Sababu yake ina mafundisho kwa kila mtu atumiaye chombo cha kisasa.

MSIBA WA FELLING

Kaskazini-mashariki ya Uingereza, karibu na miji ya Newcastle na Gateshead, kuna nchi iliyojaa makaa ya mawe chini ya ardhi. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa makaa hayo yalihitajiwa kuliko wakati wowote uliotangulia. Yalipasha moto nyumba za London, yaliyeyusha chuma, na yaliendesha mashine za mvuke zilizokuwa zikizidi kuenea. Kwa hiyo wachimbaji walizidi kwenda chini, na kadiri walivyokwenda chini ndivyo hatari ilivyozidi.

Mgodi wa Felling ulikuwa na kina cha futi zipatazo 600, na ulisifiwa kuwa mmoja wa migodi iliyotunzwa vizuri. Tarehe 25 Mei, 1812, yapata saa tano na nusu asubuhi, hewa iliyokuwa ndani yake iliwaka na kupasuka. Mshindo ulisikika hata umbali wa maili nne. Vumbi la makaa lilitupwa juu kutoka katika mashimo ya kushukia, likatanda juu ya kijiji cha Heworth hata kukawa kama magharibi.

Watu waliojitolea walishuka kuwatafuta wenzao, lakini moshi na hewa ya sumu viliwarudisha. Wenye kujua kazi ya migodi walisema kwamba hapakuwa na mtu aliyesalia hai huko ndani, na kwamba moto hautazimika ila mashimo yazibwe. Jamaa za wale waliokuwa chini hawakukubali upesi. Wapo waliolia kwamba kuyaziba ni kuwaua watu ambao labda wangali wakipumua. Mwishowe mashimo yalizibwa, na hayakufunguliwa tena mpaka mwezi wa Julai. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya huzuni ya kuwatoa maiti, ikaendelea hata mwezi wa Septemba. Waliokufa walikuwa 92, watu wazima na watoto. Mdogo kuliko wote alikuwa na umri wa miaka minane.

Padre wa mahali hapo, John Hodgson, ndiye aliyewazika. Desturi ya wakati ule ilikuwa ni kutotangaza sana habari za ajali za migodini, maana wenye migodi hawakupenda zisemwe. Padre Hodgson hakuifuata desturi hiyo. Alichapisha kitabu kidogo kilichoeleza msiba wote tangu mwanzo hata mwisho, pamoja na majina ya waliokufa. Watu wa mbali wakasoma, wakashtuka. Mwaka uliofuata, 1813, kikaundwa chama katika mji wa Sunderland, nia yake kutafuta njia ya kuzuia ajali katika migodi ya makaa. Kwa hiyo yafaa kusema kwamba uvumbuzi huu haukuanza katika chumba cha mtaalamu. Ulianza kaburini, kwa mtu aliyekataa kunyamaza.

HEWA IWAKAYO NI NINI?

Makaa ya mawe ni mabaki ya miti na majani yaliyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita. Mimea hiyo ilipooza na kugandamizwa, ilitoa gesi iitwayo methani. Gesi hiyo hubaki imefungiwa ndani ya makaa na katika nyufa za miamba. Mchimbaji apigapo sururu yake huifungulia njia, nayo hutoka, pengine polepole, pengine kwa nguvu ikivuma kama upepo katika tundu la mlango.

Methani haina rangi wala harufu, na ni nyepesi kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hupanda na kukusanyika darini. Ikichanganyika na hewa, mambo hutegemea kiasi. Katika sehemu 100 za hewa, gesi ikiwa chini ya sehemu 5 haiwezi kupasuka. Ikiwa baina ya sehemu 5 na 15, cheche moja yatosha kuleta maangamizi. Ikizidi sehemu 15, hewa safi huwa haba mno hata mchanganyiko hauwezi kupasuka. Lakini hewa ikiingia tena, hatari hurudi pale pale.

Tena mpasuko wenyewe si adui wa peke yake. Ukiisha kupita, huacha nyuma yake hewa yenye sumu. Wachimbaji wengi walionusurika na moto walikufa kwa kuivuta hewa hiyo walipokuwa wakikimbilia shimo la kutokea.

NJIA ZA ZAMANI

Wachimbaji hawakukaa tu wakingoja wataalamu. Mahali pengine mtu mmoja alijivika nguo zilizoloweshwa maji, akatambaa kifudifudi mbele ya wenzake akiwa na mshumaa katika ncha ya mti mrefu, ili aichome gesi kidogo kidogo kabla haijawa nyingi. Mahali pengine walijaribu kufanya kazi kwa mwanga hafifu wa ngozi za samaki waliooza, ambazo hung'aa kidogo gizani.

Chombo kilichotumiwa zaidi kilivumbuliwa na Carlisle Spedding katika karne ya kumi na nane. Kilikuwa ni gurudumu dogo la chuma cha pua lililozungushwa kwa mkono dhidi ya jiwe la gumegume, likatoa mvua ya cheche. Mtoto alikaa kando ya mchimbaji akilizungusha mchana kutwa ili mwenziwe aone. Watu walidhani kwamba cheche hizo hazina nguvu ya kuwasha gesi. Walikosea, na kosa hilo liliwapotezea watu maisha.

Baada ya msiba wa Felling, mtu wa kwanza kutengeneza taa ya namna mpya alikuwa daktari wa Sunderland, William Reid Clanny, mzaliwa wa Ireland. Mwaka wa 1813 habari za taa yake zilipelekwa mbele ya chama cha wataalamu cha London kiitwacho Royal Society. Daktari Clanny aliufunga moto ndani ya sanduku lenye kioo, na hewa ya kuulisha akaipitisha katika maji kwa kutumia mivukuto. Wazo lake lilikuwa jema, lakini taa ilikuwa nzito, na ilihitaji mtu wa kuvukuta wakati wote. Mchimbaji alalaye ubavu katika njia nyembamba hakuweza kuitumia.

BWANA DAVY NA MATUNDU MADOGO

Ndipo mmoja wa wakuu wa kile chama cha Sunderland, Padre Robert Gray, alipomwandikia Sir Humphry Davy. Davy alizaliwa mwaka wa 1778 katika mji wa Penzance, mwana wa fundi wa kuchora miti, akafunzwa kazi kwa mganga mtengeneza dawa. Kwa akili na bidii alipanda hata akawa mtaalamu mashuhuri wa kemia katika Uingereza yote. Yeye ndiye aliyeyatambulisha madini ya sodiamu na potasiamu mwaka wa 1807.

Mwezi wa Agosti, 1815, Davy alikwenda kaskazini, akaonana na John Buddle, msimamizi wa mgodi wa Wallsend na mtu aliyezijua sana hatari za gesi. Baadaye alipelekewa London chupa zilizojazwa gesi iliyokingwa migodini. Huko, akisaidiwa na kijana Michael Faraday ambaye baadaye alikuja kuwa mashuhuri kwa mambo ya umeme, alianza kuipima. Hakuanza kwa kuunda taa. Alianza kwa kuuliza gesi hii huwaka namna gani, kwa kiasi gani, na kwa joto gani.

Katika kupima aliona jambo la ajabu. Mchanganyiko wa gesi na hewa ukiwashwa katika chombo, moto haupiti katika mrija mwembamba wa chuma kwenda chombo cha pili. Mrija ukiwa mpana, moto hupita. Ukiwa mwembamba, moto hufa njiani. Habari hizo zilisomwa mbele ya Royal Society tarehe 9 Novemba, 1815. Kisha Davy akaendelea kufikiri: ikiwa mrija mwembamba wazuia moto, je, mrija huo waweza kufupishwa kiasi gani? Akaufupisha, akaufupisha tena, mpaka ukawa si mrija bali ni tundu tu. Na matundu mengi yaliyopangwa pamoja ni kitu gani, kama si wavu wa waya?

Basi kabla mwaka huo haujaisha alikuwa na taa yake. Ilikuwa taa ndogo ya mafuta, na juu ya utambi wake umesimama mfuko mrefu wa wavu wa waya, wenye matundu 784 katika kila inchi moja ya mraba. Hewa iliingia na moshi ukatoka katika matundu hayo, na mwanga pia ukapita; lakini moto haukupita.

KWA NINI MOTO HAUPITI?

Sababu yake si ngumu kufahamu. Ili gesi iwake, sharti ipate joto kali. Madini kama chuma na shaba hupokea joto upesi na kulitawanya upesi. Ulimi wa moto ukigusa wavu, nyuzi za waya hulinyang'anya joto lake na kulieneza pande zote, hata hewa inayotokea upande wa pili huwa imepoa chini ya kiasi cha kuiwasha gesi. Wavu hauzuii gesi kuingia ndani ya taa. Gesi huingia, nayo huwaka ndani humo. Lakini moto wake hufa unapojaribu kutoka.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa mshumaa na kichungi cha waya chenye mkono, ambacho waya zake zimesukwa karibu karibu. Akikishusha kichungi juu ya mwali, mwali utaonekana kama uliokatwa kichwa: chini ya waya moto unawaka, juu yake unapita moshi tu. Lakini kichungi kikiachwa hapo mpaka waya ziwe nyekundu kwa joto, moto utaweza kupenya. Yafaa kulikumbuka jambo hilo la mwisho, maana lilikuja kuwa na maana kubwa migodini.

Taa hiyo ilikuwa na faida ya pili. Gesi ilipokuwepo, mwali wa ndani ulibadilika, ukavaa kofia ya rangi ya samawati. Kadiri gesi ilivyozidi, ndivyo kofia ilivyorefuka. Tena mahali palipokosa hewa ya kupumua, mwali ulififia na kuzimika kabla mtu hajaanguka. Hivyo taa ilimwangazia mchimbaji, na wakati huo huo ikamwonya.

Tarehe 9 Januari, 1816, taa ya wavu ilijaribiwa kwa mara ya kwanza katika mgodi wa Hebburn, na yule Padre Hodgson aliyewazika watu wa Felling alishiriki katika majaribio hayo. Inasimuliwa kwamba alishuka na taa mkononi mpaka mahali ambapo mchimbaji mmoja alikuwa akifanya kazi peke yake katika hewa mbaya, kwa mwanga wa gurudumu la cheche. Mtu huyo hakuwa ameambiwa habari yoyote. Alipoona moto unamjia gizani alidhani kwamba ni mshumaa, akapiga kelele kwamba uzimwe. Moto haukuzimwa, ukazidi kukaribia. Akalia, akasihi, akalaani, akiamini kwamba pumzi yake ya mwisho imefika. Taa ikaja mpaka mbele yake, na hapana kilichotokea. Ndipo alipotambua kwamba amekiona kitu ambacho wazee wake hawakupata kukiona: moto wazi machoni, katikati ya gesi, usiodhuru.

Bwana Buddle alimshauri Davy achukue hati ya serikali ya kuumiliki uvumbuzi wake, maana ingeweza kumpatia pauni 5,000 hata 10,000 kila mwaka. Davy alikataa, akisema kwamba nia yake ilikuwa ni kuwafaa wanadamu tu. Kwa hiyo fundi yeyote aliweza kuitengeneza taa hiyo bila kulipa ada.

FUNDI WA KILLINGWORTH

Wakati Davy alipokuwa akipima gesi mjini London, mtu mwingine alikuwa akiipima mgodini kwenyewe. Huyo ni George Stephenson, aliyezaliwa mwaka wa 1781 katika kijiji cha Wylam. Baba yake alikuwa mchochea moto wa mashine ya mgodi, na hakuwa na fedha za kumsomesha. Stephenson alifikia umri wa miaka 18 asijue kusoma. Ndipo alipoanza kujifunza katika shule ya usiku, kwa fedha za mshahara wake mwenyewe. Mwaka wa 1812 alifanywa fundi mkuu wa mitambo katika mgodi wa Killingworth.

Stephenson hakujua kemia. Lakini alikuwa ameziangalia nyufa zitoazo gesi kwa muda mrefu, na alikuwa ameona jinsi moto unavyotembea. Alifikiri kwamba hewa ikiingia katika taa kwa njia nyembamba, na hewa iliyokwisha kuungua ikikaa juu ya mwali, moto hautaweza kurudi nje. Akampa fundi wa bati wa Newcastle mchoro wake.

Jioni ya tarehe 21 Oktoba, 1815, aliichukua taa hiyo mpaka penye ufa uliokuwa ukivuma gesi kwa nguvu. Wenzake wawili, Nicholas Wood na John Moodie, walikuwa pamoja naye. Moodie alitangulia kuipima hewa, akarudi akisema kwamba mshumaa ukipelekwa pale, mpasuko hauna budi. Wenzake wakabaki nyuma. Stephenson akaenda mbele peke yake, akaiweka taa inayowaka mbele ya ufa. Mwali ulikua mkubwa, ukatetemeka, kisha ukazimika. Mgodi haukupasuka. Akairekebisha taa yake mara ya pili na ya tatu, na kufika mwisho wa Novemba alikuwa na taa yenye kioo ambayo hewa yake iliingia katika matundu madogo ya bati. Tarehe 5 Desemba aliionyesha mbele ya chama cha wasomi wa Newcastle.

Basi watu wawili, mmoja mtaalamu wa London, mmoja fundi aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima, walifika mahali pamoja kwa njia mbili mbalimbali. Maelezo ya Stephenson hayakuwa sahihi yote, lakini taa yake ilifanya kazi.

UGOMVI WA SIFA

Ingalifaa wawili hao wapeane mikono. Haikuwa hivyo. Wenye migodi walimchangia Davy zawadi ya vyombo vya fedha vya thamani ya kama pauni 2,000, na Stephenson akapewa gini 100, yaani pauni 105. Rafiki zake wakakasirika. Davy naye hakusadiki kwamba fundi asiye na elimu ya sayansi angeweza kuvumbua kitu kama hicho, akamshutumu kwamba ameiba wazo la mwingine. Watu wa Newcastle wakaunda kamati yao, wakachunguza tarehe na mashahidi, wakaona kwamba Stephenson alifanya kazi yake mwenyewe. Wakamchangia pauni 1,000.

Davy hakubadili neno lake mpaka kufa kwake mwaka wa 1829. Stephenson, kwa upande wake, aliendelea na kazi ya kutengeneza magari ya moshi, na kwa sababu hiyo jina lake lajulikana hata leo popote penye reli. Ugomvi huo waonyesha kwamba elimu ya mtu haimkingi na kiburi. Tena waonyesha kwamba akili haikai katika vyuo peke yake.

TAA ILIPOLETA HATARI MPYA

Sasa sharti kulieleza jambo lile la pili lililotajwa mwanzoni. Mwaka wa 1835 kamati ya Bunge la Uingereza ilichunguza ajali za migodi. Ilikuta kwamba katika majimbo ya Northumberland na Durham, watu 447 walikufa kwa ajali hizo katika miaka 18 kabla ya taa ya salama kuanza kutumika. Katika miaka 18 iliyofuata, walikufa 538. Na mwezi wa Juni mwaka huo huo, mgodi wa Wallsend, uliokuwa chini ya uangalizi wa Bwana Buddle mwenyewe, ulipasuka ukaua watu na watoto 102.

Je, taa ilikuwa mbovu? La, hasha. Sababu zilikuwa nyingine.

Ya kwanza, makaa yaliyochimbwa yalizidi sana, na watu walioshuka migodini walizidi pia.

Ya pili, wenye migodi walipoona kwamba wana taa isiyowasha gesi, walifungua sehemu zilizoachwa zamani kwa sababu ya hatari. Walianza hata kuzichimba nguzo za makaa zilizoachwa kushikilia dari. Badala ya kuiondoa hewa mbaya kwa kuingiza hewa safi ya kutosha, wengine waliona kwamba taa peke yake inatosha.

Ya tatu, taa ya wavu ilitoa mwanga mdogo kuliko mshumaa. Mchimbaji alilipwa kwa kadiri ya makaa aliyoyatoa, na asiyeona vizuri hutoa machache. Kwa hiyo wengine waliuondoa wavu ili wapate nuru, na wengine waliifungua taa ili wawashe kiko cha tumbaku.

Ya nne, wavu wenyewe ulikuwa na udhaifu wake. Ukitoboka au kuliwa na kutu, tundu moja kubwa lilitosha kutoa moto. Ukiachwa katika gesi mpaka ukawa mwekundu, haukuwa salama tena. Na mahali penye upepo mkali, mwali uliweza kusukumwa nje ya matundu.

Mafundi waliofuata waliyaondoa makosa hayo moja baada ya jingine. Daktari Clanny alitia kioo kinene kuzunguka mwali, na wavu akauweka juu yake, ili nuru iongezeke. Mueseler wa Ubelgiji na Marsaut wa Ufaransa wakaongeza maarifa yao. Taa zikatiwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwa msimamizi. Mwaka wa 1850 sheria ilipitishwa ya kuweka wakaguzi wa serikali katika migodi ya makaa. Mashine za kuvuta hewa zikawekwa ili upepo safi upite katika njia zote. Katika karne ya ishirini taa za umeme zikachukua mahali pa mwali kwa kuangazia, lakini taa ya wavu iliendelea kushushwa migodini miaka mingi ili kupimia gesi. Mgodi mkubwa wa mwisho wa makaa wa chini kwa chini katika Uingereza, uitwao Kellingley, ulifungwa mwezi wa Desemba, 2015, miaka 200 kamili tangu mwezi ule Davy alipotengeneza taa yake.

MAFUNDISHO YAKE

Wavu wa Davy haukufa pamoja na migodi. Kanuni ile ile hutumika katika vizuizi vya moto vinavyofungwa kwenye mirija ya kupumulia ya matangi ya petroli, ili moto wa nje usiingie ndani. Na gesi ile ile ya methani hutoka katika mashimo ya vyoo, na katika mitambo ya kinyesi cha ng'ombe itoayo gesi ya kupikia. Mtu asichungulie mahali kama hapo, wala ndani ya pipa la petroli hata likiwa tupu, kwa kiberiti au mshumaa. Mvuke usioonekana ndio wenye hatari kuliko mafuta yanayoonekana.

Lakini fundisho kubwa ni lile la mwaka wa 1835. Taa ya salama ilikuwa kazi njema ya watu wenye akili na moyo wa huruma. Hata hivyo haikuweza kufanya kazi ya hewa safi, wala ya usimamizi mwema, wala ya mtu kujitunza mwenyewe. Chombo kizuri humpa mtu nafasi ya kuokoka. Hakimwokoi asiyekitunza, wala hakimpi ruhusa ya kwenda mahali ambapo zamani aliogopa kwa haki. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI KWA WASOMAJI

1. Padre Hodgson alifanya nini baada ya msiba wa Felling, na tendo lake lilileta matokeo gani?

2. Gesi ya methani hupasuka inapokuwa kiasi gani katika hewa? Kwa nini hukusanyika darini?

3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini mwali haupiti katika wavu wa waya.

4. Davy na Stephenson walitofautiana namna gani katika njia zao za kutafuta?

5. Taja sababu nne zilizofanya vifo visipungue baada ya mwaka wa 1816. Je, kuna chombo cha kisasa katika nyumba yako au kazini kwako kinachoweza kuleta hatari ya namna hiyo kisipotumiwa kwa uangalifu?